Mwanasaikolojia na kazi ya kupima: nafasi zipo, lugha je?

Mtu akisikia neno mwanasaikolojia, mara moja anafikiri juu ya mtu anayekaa na mgonjwa na kumsikiliza. Iko kazi nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kupima. Mwanasaikolojia wa vipimo hutafuta kujua mtoto anakumbuka na kufahamu namna gani, mwenye kuomba kazi ana uwezo gani, huzuni ya mgonjwa imefikia wapi. Kisha anaandika ripoti, na wengine wanaamua kwa kufuata ripoti ile. Kwa hiyo kipimo kibaya kinaweza kumwita mtoto mjinga kumbe si mjinga.

Katika nchi yetu kazi hii si ngeni. Wakati wa Wabelgiji, Union Minière ilipima wafanyakazi huku Katanga kabla ya kuwagawia kazi. Mwaka 1954 André Ombredane, profesa wa Brussels, alitoa kipimo cha picha kiitwacho Congo TAT, chenye picha za watu na mazingira ya Kiafrika. Tunaweza kubishana naye kwa mengi, maana alipima watu waliokuwa chini ya utawala wa kikoloni, lakini aliona jambo moja la kweli: kipimo hakisafiri peke yake. Baada ya mageuzi ya 1971, yaliyounda UNAZA, saikolojia ilipelekwa Kisangani na fasihi na lugha zikabaki Lubumbashi. Mara nyingine nafikiri utengano ule wa kampasi umebaki hata katika vichwa vyetu.

Nafasi za kazi ziko wapi leo? Shuleni kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa nane anafanya TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza, na mshauri wa mwelekeo anapaswa kujua maana ya alama zile. Makampuni ya migodi, benki na mashirika ya misaada huhitaji watu wa kuchuja waombaji wa kazi. Hospitali nazo zinahitaji wapimaji, hasa mashariki, ambako vita vimeacha majeraha yasiyoonekana kwa macho. Tena uko utafiti. Kule Kahemba, katika Kwango, watafiti waliwapima watoto kwa sababu ya konzo, ugonjwa wa miguu unaoletwa na muhogo mchungu usiolowekwa vizuri. Matokeo yalitolewa mwaka 2013: hata watoto wa kule ambao miguu yao ilikuwa mizima walipata alama za chini kuliko watoto wa eneo lisilo na konzo. Jicho la daktari lisingeona hilo. Kipimo ndicho kilichoonyesha.

Sasa tuje kwenye lugha, maana hapo ndipo kazi inapokwama. Vipimo vingi vya akili vina zoezi la kurudia tarakimu: mpimaji anasema 3, 6, 2, 9, mtoto anarudia, na kila mara safu inarefushwa. Linaonekana zoezi lisilo na utamaduni wowote. Lakini hesabu silabi. Kwa Kifaransa, tarakimu zote kutoka 1 mpaka 9 zina silabi moja moja. Kwa Kiswahili, kutoka moja mpaka tisa (au kenda), ni silabi mbili mbili. Kumbukumbu ya muda mfupi inashika kile kinachoweza kutamkwa katika sekunde chache tu. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walionyesha jambo hilo kwa watu wa Wales: walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi kuliko kwa Kiingereza, kwa kuwa tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu kutamkwa. Basi mtoto wa Kenya, mtaa wa Lubumbashi, akipimwa kwa Kiswahili na alama zake zikasomwa katika jedwali la watoto wa Paris, amepunjwa kabla ya kufungua kinywa. Akipimwa kwa Kifaransa asichokizoea, amepunjwa kwa njia nyingine.

Maswali ya huzuni ni magumu zaidi. PHQ-9, kipimo cha maswali 9 chenye alama 0 mpaka 27, kinauliza kama mtu anajisikia yuko chini. Ukitafsiri neno kwa neno, mama wa kijijini atakuuliza: chini ya nini? Kwetu mtu husema moyo unamuuma, au mawazo yamemzidi. Ni msemo gani unabeba uzito uleule, na ni upi unaotaja uchovu wa kawaida tu? Njia inayojulikana, aliyoieleza Brislin mwaka 1970, ni kutafsiri, kisha mtu mwingine asiyeona maandishi ya asili anarudisha tafsiri katika lugha ya kwanza, halafu zote mbili zinalinganishwa. Njia hiyo haitoshi peke yake. Tafsiri inaweza kurudi salama hali msemaji wa kawaida haielewi, hasa ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili sanifu na yeye anaongea Kingwana. Lazima kuwajaribu watu wachache, kuwauliza wameelewa nini, kurekebisha, na ndipo kukusanya alama za watu wengi wa hapahapa.

Mwanafunzi wa saikolojia anayetaka kazi hii ashike takwimu bila kuiogopa, na ajue sheria ya mali: PHQ-9 ni huru kutumiwa na kutafsiriwa, lakini vipimo vya Wechsler vina mwenyewe, na kufanya fotokopi ya kitabu chake, jinsi inavyofanyika sana, ni kosa. Mwanafunzi wa lugha naye anayetafuta mada ya mémoire achukue zoezi moja tu, kama lile la tarakimu, alifanye kwa Kiswahili cha mtaani kwake pamoja na mwenzake wa saikolojia.