Kielekezi Kisichotaja Aina, na Hadhari Zake

Kielekezi, katika lugha za programu zilizo karibu na mashine, ni nambari itajayo anwani ya mahali fulani katika kumbukumbu ya kompyuta. Walakini kompaila, ambayo kazi yake ni kuyageuza maandishi ya mwandishi yawe amri za mashine, huiambatisha nambari hiyo na habari ya pili, nayo ni aina ya kitu kilichowekwa pale, ili ijulikane kisomwe kwa baiti ngapi na kwa maana gani. Habari hiyo ya pili aghalabu haihifadhiwi pamoja na anwani, na mashine haiulizi. Ikipotea, mwandishi ndiye shahidi pekee aliyesalia.

Lugha ya C, aliyoiasisi Dennis Ritchie katika Bell Labs huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina kielekezi kisichotaja aina, `void *`, kilichomo katika kanuni rasmi za mwaka 1989. Haja yake ni ya kweli: `malloc`, itoayo nafasi katika kumbukumbu, haijui nafasi hiyo itatiwa nini, na `qsort`, ipangayo safu ya vitu vyovyote, haina budi kuikabidhi funksheni ya kulinganisha anwani mbili tupu. Lakini C iliruhusu na jambo jingine, lenye hatari kuliko hilo: kielekezi hicho kigeuzwe kuwa cha aina yoyote ya data kimyakimya, pasina mwandishi kuandika hata neno.

Tuchukue safu ya nambari kamili nne, kila moja ya baiti 4, ianzayo kwenye anwani 1000. Mwandishi anaiagiza `qsort` iipange, lakini kwa kughafilika anaandika katika funksheni yake ya kulinganisha `const double *a = p;`, hali `double` kwa kawaida ni ya baiti 8. Kompaila haitamkanya. Ikipewa anwani 1000, funksheni itazizoa nambari mbili jirani na kuzisoma kana kwamba ni nambari moja ya desimali; ikipewa 1012, iliko nambari ya nne, itasoma hadi 1019, ilhali safu imekoma 1015. Tena 1012 haigawanyiki kwa 8 bila baki, na ziko mashine zinazokataa kusoma `double` mahali pa namna hiyo. Afadhali programu ianguke papo hapo. Msiba ni pale inapoendelea na kutoa majibu ya uongo.

Hadhari ya kwanza ni ile ya C++, lugha ya Bjarne Stroustrup: kielekezi kisicho na aina hakipewi aina ila mwandishi atamke bayana, kwa mfano kwa `static_cast`. Tamko hilo ni mfano wa kiapo. Kompaila hulipokea bila kulichunguza, lakini limeandikwa, na mkaguzi aweza kulitafuta na kuhoji. Hata hivyo desturi kongwe ya kuandika `(int *)p`, ambayo C++ nayo imeirithi, huapa mambo mengi kwa pumzi moja: hubadili aina, huweza kuondoa katazo la kuandika liitwalo `const`, na huweza hata kuigeuza nambari ya kawaida ikawa anwani.

Kwa sababu hiyo lugha za baadaye zimekigawa kiapo. Katika Zig, `@ptrCast` hubadili aina, `@alignCast` hudai kuwa anwani inagawanyika ipasavyo, na dai hilo huhakikiwa programu inapoendeshwa katika hali za usalama, na `@constCast` huondoa katazo la kuandika. Rust nayo, iliyotoa toleo la 1.0 mwaka 2015, ina njia iitwayo `cast`, ambayo hubadili aina peke yake na kuliacha katazo mahali pake. Na kusoma kupitia kielekezi ghafi hakuruhusiwi ila ndani ya `unsafe`, penye dhamana ya mwandishi mwenyewe.

Hadhari ya pili ni kuipeleka ithibati pamoja na kitu. `Any` ya Rust na `std::any` ya C++17 huchukua alama ya aina halisi, na mwenye kuomba aina nyingine hunyimwa. Gharama yake ni kumbukumbu kidogo na ulinganisho mmoja. Ila hadhari hii haimfai anayepokea anwani tupu kutoka maktaba ya C. Huyo hana ila kuapa, na yampasa aape mahali pamoja, mpakani, badala ya kutawanya viapo katika programu nzima.

Bora kuliko zote ni kutoipoteza aina tangu awali. `std::sort` ya C++ hufanya kazi ya `qsort`, lakini kompaila huiandalia kila aina amri zake, hata lile kosa letu la `double` halina mlango wa kuingilia. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kugeuza kielekezi aanze kwa kuuliza kwa nini aina ilifutwa; penye jibu la kweli, achague tamko jembamba kuliko yote litoshalo haja yake.