Kuku akiatamia, trei hupungua

Mnunuzi wa mayai ya kienyeji anaweza kupata trei tano kijijini wiki hii, akirudi mwezi ujao asipate hata moja. Lawama humwangukia mfugaji, lakini mara nyingi sababu ni kuatamia.

Tetea wa kienyeji, kama walivyo kuku wadogo wa bantam, hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huyalalia. Homoni ya prolaktini hupanda mwilini na utagaji hukoma. Kuku wa kisasa wa mayai wamepunguziwa tabia hiyo kwa kuchagua mbegu. Hao huweza kupita mayai 250 kwa mwaka, ilhali wa kienyeji anayejitafutia chakula hutoa 30 hadi 50.

Hesabu ni hii. Tuseme tetea ametaga mayai 12 kwa siku 20. Kuatamia ni siku 21. Akiachiwa kulea hadi arudi kutaga, tuhesabu siku 70 nyingine. Jumla siku 111: mizunguko mitatu tu kwa mwaka, mayai 36. Vifaranga wakitengwa baada ya wiki nne, na mama akapumzika wiki mbili, mzunguko ni siku 83, zaidi ya minne kwa mwaka. Toa humo gharama ya chakula na joto la vifaranga.

Anayetaka mayai tu aokote kila siku. Tetea akishaanza kulalia, awekwe siku tatu hadi tano katika kizimba cha chaga kilichoinuliwa, penye mwanga, chakula na maji, bila kiota. Hatataga mara moja; apewe wiki moja hadi tatu.

Anayetaka vifaranga ana mashine isiyodai umeme. Ampe mayai 10 hadi 13 yasiyozidi wiki moja, na asisahau chanjo ya mdondo kila miezi mitatu. Ugonjwa huo ukiingia, mtaji wote huondoka.

Kwa mfanyabiashara, mambo mawili. Mulika mayai kwa tochi kabla ya kulipa, maana yaliyokwisha kulaliwa huchanganywa na mabichi. Pili, jogoo wa Krismasi huchukua takriban miezi sita tangu yai liwekwe kiotani. Anayetoa oda Novemba atanunua kwa bei ya wenzake. Atakayekubaliana na wafugaji kabla ya Juni kwisha ndiye mwenye nafasi ya kupanga bei.