Simu Yake, Pesa Yake, PIN Yake

Je, kwenu kuna ndugu mwenye ulemavu wa akili? Mara nyingi tunadhani tunamsaidia tukimshikia simu na PIN. Lakini mwenye PIN ndiye mwenye pesa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupata vifaa vya kumwezesha, na simu yaweza kuwa kimojawapo.

Anzeni hivi:

1. Kwa simu ya Android, ongezeni ukubwa wa maandishi. TalkBack nayo humsomea skrini kwa sauti.
2. Wekeni picha kwenye kila jina: mama, dada, mwenye duka. Uso ni rahisi kutambua kuliko nambari.
3. Fanyeni mazoezi kwa kutuma pesa kidogo, hatua zilezile kila siku. Asome jina la mpokeaji kwanza, ndipo aweke PIN.
4. Kwenye laini yake abaki na pesa ya matumizi tu. Akikosea, hasara ni ndogo.
5. Akipigiwa na mtu anayetaka PIN, akate simu. Sisi hatuulizi PIN kamwe.

Atachukua muda, lakini ni sawa. Kaa kando yake, umwache abonyeze mwenyewe.