Mwarobaini upi? Jina moja, miti miwili

Mti unaostahili jina la mwarobaini ni Azadirachta indica, lakini jina hilo limeshaenea hadi kwa jirani yake, Melia azedarach. Vitabu vya misitu vya Tanzania huuita huu wa pili mmelia. Mitaani watu wengi haiwajii hata akilini kwamba ni mti mwingine. Yote miwili ni migeni Afrika Mashariki. Mwarobaini wenyewe ulitoka India na Burma. Miti hii miwili iko katika familia moja, Meliaceae, pamoja na mkangazi wa mbao nyekundu na mkomafi unaoota mikokoni, kwa hiyo kufanana kwake ni kwa damu. Kinachofanya tofauti iwe suala la afya ni kwamba matunda ya mmelia yana sumu inayoweza kuua mtoto.

Hata wataalamu waliwahi kuiweka miti hii kapu moja. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliita mmoja Melia azadirachta na mwingine Melia azedarach, majina mawili yaliyotoka katika maneno yaleyale ya Kiajemi, azad dirakht, yaani mti huru. Mwaka 1830 Adrien de Jussieu aliutoa mwarobaini humo akaupa jenasi yake. Kiswahili nacho kiliupa jina kutokana na arobaini, idadi ya magonjwa ambayo unasifiwa kuyatibu. Idadi hiyo haijawahi kupimwa na yeyote, ila kila muuza dawa wa stendi anaitaja kana kwamba imeandikwa hospitalini.

Jani ndilo la kutazamwa kwanza, na lazima litazamwe zima, tangu pale linapoungana na tawi. Jani la mwarobaini lina uti mmoja tu, na vijani vimepangana kulia na kushoto kwake. Kila kijani kimepinda kama mundu, kingo zake zina meno ya msumeno, na kikilazwa kiganjani huonekana kwamba nusu moja ya bapa lake ni pana kuliko nyingine pale chini karibu na kikonyo. Jani la mmelia limegawanyika mara mbili, wakati mwingine tatu: uti mkuu umezaa nyuti ndogo, na nyuti hizo ndizo zinazobeba vijani. Meno ya kingoni yapo kwa yote mawili, kwa hiyo hayasaidii. Uchungu nao hausaidii. Dai kwamba "kikiwa kichungu ni mwarobaini" limeenea sana, na ni la hatari, kwa sababu mmelia ni mchungu pia.

Maua yanamaliza ubishi mapema zaidi, msimu wake ukiwa umefika. Ya mwarobaini ni meupe au rangi ya malai. Ya mmelia yana petali za zambarau hafifu, na katikati yake umesimama mrija wa zambarau iliyokolea, ambao ni stameni zilizoungana.

Tunda ndilo ushahidi mzito kuliko wote. La mwarobaini ni refu kidogo, mfano wa zeituni ndogo, hugeuka manjano likiiva, na nyama yake laini huzunguka kokwa jembamba na laini ambalo kwa kawaida lina kiini kimoja. La mmelia ni mviringo kama gololi. Huning'inia kwa vichala kwenye matawi yaliyopukutika majani, likakunjamana humohumo mtini kwa miezi. Kokwa lake ni gumu kama mfupa, lina mifereji kutoka juu hadi chini, na likikatwa kati huonyesha vyumba kadhaa, mara nyingi vitano, vilivyozunguka tundu la asili. Tundu hilo ndilo lililofanya makokwa haya yatungwe uzi tangu zamani kuwa tasbihi na rozari. Hakuna kokwa la mwarobaini linaloweza kutungwa hivyo.

Mahali pia husema jambo. Mwarobaini hupenda joto la pwani na nyanda kavu, na haustawi kwenye baridi ya milimani; mmelia huvumilia miinuko. "Mwarobaini" uliostawi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, unastahili kushukiwa kabla ya kuchumwa.

Kuna ndugu wa tatu, Melia volkensii, ambao Wakamba huuita mukau. Huu ni mwenyeji wa maeneo makavu ya Afrika Mashariki, mbao zake hazishambuliwi kwa urahisi na mchwa, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya imeufanyia kazi kubwa ya kuboresha mbegu huko Kitui. Jani lake limegawanyika kama la mmelia, lakini tunda lake ni kubwa zaidi, kiasi cha sentimita nne, na maua yake ni meupe. Mbuzi hula matunda ya mukau. Anayejua hilo asilihamishie kwa mmelia, ambao umeua nguruwe waliookota matunda yake chini.

Tofauti ya ndani imo katika limonoidi, kemikali chungu zinazopatikana kwa wingi katika familia hii. Ile maarufu ya mwarobaini ni azadiraktini. Mwaka 1959 huko Sudan, mtaalamu wa wadudu Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona kundi la nzige likitua, likamaliza kijani chote, likaiacha miarobaini. Kemikali yenyewe ilitengwa mwaka 1968. Molekuli yake imesokotana kiasi kwamba timu ya Steven Ley, Uingereza, ilitumia miaka 22 kuiunda maabara, hadi 2007.

Inavyofanya kazi inastaajabisha. Kwanza hupiga ulimi wa mdudu, kwa maana ya chembe za kuonja zilizo mdomoni: huamsha chembe inayokataa chakula na kuzima ile inayotambua sukari, hivyo nzige mwenye njaa husimama juu ya jani na asiling'ate. Akiling'ata, pigo la pili humfuata ndani. Mdudu hukua kwa kujivua gamba, na kila kujivua huanzishwa na wimbi la homoni iitwayo ekdaisoni, ambayo ni lazima ipande na kushuka kwa wakati wake. Azadiraktini huvuruga utoaji wa homoni hiyo. Wimbi huchelewa au halifiki kimo chake, gamba jipya halikamiliki, na lile la zamani halipasuki. Lava hubaki amefungwa ndani ya ngozi yake mwenyewe, hali, hakui, hadi anakufa siku kadhaa baadaye.

Binadamu hajivui gamba. Kwa hiyo hoja inayorudiwa na waganga wa vipaza sauti, kwamba kinachoua wadudu shambani kitaua na vimelea mwilini, haina mguu wa kusimamia. Limonoidi nyingine ya mwarobaini, geduni, hudhuru vimelea vya malaria katika chupa ya maabara. Vitu vingi hufanya hivyo bila kuwa dawa. Anayemwambia mgonjwa wa malaria aache dawa mseto anywe majani anacheza na uhai wa mtu, na anajua kwamba hatakuwapo degedege likianza.

Matunda ya mmelia yana limonoidi za aina nyingine, meliatoksini. Hizi huleta kutapika, kuharisha, kuyumba, degedege, na kupooza. Nguvu yake hutofautiana kati ya mti na mti, ndiyo maana mtu anaweza kusimulia kwamba aliyala utotoni na hakuna kilichomtokea. Simulizi hiyo inahusu mti wa kwao tu. Kusema kwamba ndege huyala salama nako si kinga, maana tumbo la ndege si la mtoto.

Mwarobaini halisi nao si maji ya kunywa. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto waliopewa mafuta ya mbegu zake wakatapika, wakasinzia, na kupata madhara ya ubongo na ini. Unga wa majani unaouzwa kwenye vifuko ni tatizo la pekee: ukishasagwa, uti, ua na kokwa vimetoweka, na jicho la kawaida haliwezi kujua ni wa mti gani.

Mafuta ya mwarobaini asipewe mtoto, na mjamzito asiyanywe. Homa ipimwe kituoni. Mtoto aliyekula matunda yanayoshukiwa apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili, na aende na jani zima lililokatwa kutoka kwenye tawi pamoja na kokwa moja.