Yusufu alikuwa na mpango wake, akaupokea wa Mungu

Karibu katika tafakari ya Jumapili hii ya nne ya Majilio, Jumapili ya mwisho kabla ya Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana wetu Yesu Kristo.

Siku hizi kila mtu ana mpango. Pale stendi ya Magufuli, Mbezi jijini Dar es Salaam, watu wanatafuta tiketi za kwenda Moshi, Arusha, Mbeya na Bukoba. Nyumbani mama anapiga hesabu ya mchele wa sikukuu na nguo za watoto, huku Januari ikimkodolea macho na ada, sare na madaftari yake.

Kupanga si dhambi. Asiyepanga huishia kukopa. Lakini tukumbuke kwamba wapo ndugu zetu wanaoikaribia Krismasi hii wakiwa na mpango uliovunjika. Yupo aliyepunguzwa kazini. Yupo mchumba aliyerudishiwa posa wakati kadi za harusi zimeshaanza kugawiwa. Wapo wanandoa ambao kila Desemba huulizwa na wazazi, “Mjukuu wetu yuko wapi?” Yupo mjane atakayepika wali wa sikukuu kwa mara ya kwanza bila mwenzake. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba Mungu ana mpango na maisha yake, neno hilo haliingii kirahisi.

Basi leo tuwatazame watu wawili wa ukoo mmoja, ukoo wa Daudi, ambao wote walifikiwa na neno la Mungu wakiwa wameshikwa na hofu. Mmoja ni Ahazi, mfalme wa Yuda. Wa pili ni Yusufu, fundi seremala wa Nazareti. Makanisa yanayofuata kalenda ya masomo ya miaka mitatu huyaweka masomo yao pamoja katika Jumapili kama hii ya mwaka wa kwanza: Isaya 7 na Mathayo 1.

Tuanze na Ahazi. Ni zaidi ya miaka 700 kabla ya Kristo. Resini mfalme wa Shamu na Peka mfalme wa Israeli wameungana dhidi ya Yerusalemu, na Biblia inasema moyo wa mfalme na wa watu wake ulitikisika kama miti ya msituni inavyotikiswa na upepo. Isaya anatumwa kwenda kukutana naye kwenye mfereji wa birika la juu. Huenda mfalme alikuwa akikagua maji, kwa sababu mji ukizingirwa, maji ndiyo uhai. Nabii anamwambia atulie, asiogope. Kisha Mungu anampa nafasi ambayo wengi wetu tungeitamani: aombe ishara yoyote, iwe ya kutoka chini kabisa au ya kutoka juu kabisa.

Ahazi anakataa. Anasema hataomba, wala hatamjaribu Bwana.

Ukilisikia jibu hilo kwa haraka, utasema huyu ni mtu mnyenyekevu. Hata Torati inakataza kumjaribu Mungu, na Bwana Yesu mwenyewe alilitumia agizo hilo kumjibu Shetani. Lakini soma 2 Wafalme 16, utaona Ahazi alikuwa ametazama wapi. Alituma wajumbe kwa Tiglath-pileseri mfalme wa Ashuru, akajiita mtumishi wake na mwana wake. Akachukua fedha na dhahabu iliyokuwa katika nyumba ya Bwana na katika hazina za ikulu, akampelekea kama zawadi. Mtu aliyeona haya kumwomba Mungu ishara hakuona haya kuliitia mkono sanduku la hekalu.

Tena mpango wake mwanzoni ulionekana kufaulu, kwa maana Ashuru iliipiga Dameski na Resini akauawa. Lakini 2 Mambo ya Nyakati 28 inatuambia mwisho wake: mfalme yule wa Ashuru alimtaabisha Ahazi, hakumtia nguvu. Aliyenunua ulinzi alijikuta ananunua bwana.

Hapa tujihoji. Upo unyenyekevu wa mdomoni. Tunasema “mapenzi ya Mungu yatimizwe” huku tumeshapitisha uamuzi wetu na hatutaki kuulizwa. Tunaomba kwa sauti ya upole, lakini namba ya mganga imo kwenye simu. Tunasema hatutaki kumsumbua Mungu kwa mambo madogo, kumbe hatutaki atusumbue sisi kwa jibu lake.

Sasa tuje kwa Yusufu. Alikuwa amemposa Mariamu. Kwa Wayahudi uchumba wa aina hiyo ulikuwa umekwisha kufunga kama ndoa. Kuuvunja kulihitaji talaka. Kabla hawajakaa pamoja, Mariamu akaonekana ana mimba. Yusufu alijua jambo moja tu, kwamba mtoto si wake. Sheria ilimpa njia ya kumfikisha mchumba wake mbele ya watu na kumwaibisha, na kwa maandishi ya Torati aibu hiyo ingeweza kufika hadi kifo.

Mathayo anasema Yusufu alikuwa mtu wa haki, na kwa sababu hiyo hakutaka kumwaibisha, akaazimu kumwacha kwa siri. Tuutambue uzito wa neno hilo. Malaika hajafika bado. Yusufu haelewi lolote. Lakini tayari ameamua kwamba uchungu wake hautamharibu mtu mwingine.

Mimba ya Mariamu ilikuwa ya Roho Mtakatifu na haina mfano wake. Hata hivyo, namna Yusufu alivyomtendea kabla hajajua ni fundisho kwa kila nyumba. Tangu mwaka 2021 Serikali yetu ilifungua mlango kwa wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni. Je, milango ya nyumba zetu na ya makanisa yetu nayo imefunguka? Binti wa aina hiyo akija kanisani siku ya Krismasi amebeba mtoto, ataketi benchi gani, na nani atasogea ampishe?

Rudi sasa kwenye mpango wa Yusufu. Tofauti na ule wa Ahazi, mpango huu ulikuwa mwema. Ulikuwa na huruma ndani yake. Na bado Mungu alimwomba auache. Hapo ndipo imani nyenyekevu inapopimwa. Mpango mbaya mtu anaweza kuuacha kwa kuona aibu. Lakini kuuacha mpango mzuri, uliofikiriwa usiku kucha kwa nia njema, kunahitaji moyo unaokubali kwamba Mungu anaona mbali kuliko sisi.

Angalia pia ni kiasi gani Yusufu alielezwa. Katika ndoto aliambiwa asiogope kumchukua Mariamu, kwamba mtoto ni kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, na kwamba amwite Yesu kwa kuwa atawaokoa watu wake na dhambi zao. Basi. Hakuambiwa majirani wa Nazareti atawajibu nini. Hakuambiwa kwamba amri ya Kaisari Augusto itawapeleka Bethlehemu, safari ndefu kuliko ya kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze, na mama ni mjamzito. Hakuambiwa kwamba watakosa nafasi na mtoto atalazwa horini. Hakuambiwa habari za Herode wala za kukimbilia Misri.

Alipewa hatua moja. Alipoitimiza, wakati ulipofika akapewa nyingine. Mathayo anaeleza ndoto zake nne, na mara tatu anatumia karibu maneno yale yale: Yusufu aliondoka, akafanya. Safari ya Misri aliianza usiku ule ule. Katika Injili zote nne hakuna hata sentensi moja iliyotoka kinywani mwake. Kama tungekuwa na ushuhuda wake, ungekuwa ni nyayo zake.

Lakini tusiifanye imani yake kuwa ya kipofu. Aliporudi kutoka Misri alisikia kwamba Arkelao mwana wa Herode anatawala Uyahudi, akaogopa kwenda huko. Hakukemewa kwa hofu hiyo. Alionywa katika ndoto, akaenda Galilaya. Kumtumaini Mungu hakutuzuii kuuliza barabara ikoje.

Tena kuna jambo ambalo wahubiri na wafariji tunapaswa kuwa waangalifu nalo. Msibani tumezoea kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli haina. Lakini si kila kilichotokea ni kazi ya Mungu. Herode alipowaua watoto wa kiume wa Bethlehemu, Mathayo hakuandika kwamba Mungu aliagiza. Alikumbuka kilio cha Raheli anayekataa kufarijiwa. Mungu hakuuita uovu ule mpango wake. Alimwamsha Yusufu usiku amtoroshe mtoto. Basi basi likipinduka mwezi huu kwa sababu dereva aliendesha kwa kasi akiwa amechoka, tusimtwishe Mungu mzigo wa dereva na wa mwenye gari. Mpango wa Mungu ni kwamba uovu wa watu hautakuwa na neno la mwisho. Na aliyefiwa, mwache kwanza alie. Keti naye.

Kwa hiyo, wewe ambaye mwaka huu unaisha vibaya, Injili ya leo haikuahidi kwamba ifikapo tarehe 25 utakuwa umeelewa kila kitu. Yusufu alimshika mtoto mikononi na bado mengi yalikuwa gizani. Lakini jina jingine la mtoto yule ni Imanueli, yaani Mungu yu pamoja nasi. Ahazi alipewa jina hilo kama ishara, akaliacha lipite. Yusufu hakuliomba, akalipokea na kulilea nyumbani kwake.

Wiki hii, unapoomba, jaribu kufanya hivi. Mtajie Mungu mpango wako kwa uwazi, hata kama ni mpango mwema. Mwambie unavyoogopa. Kisha usidai kuonyeshwa mwaka wote wa mbele. Omba kujua jambo moja la kutii leo. Huenda ni kumpigia simu ndugu mliyekosana. Huenda ni kulipa deni dogo kabla ya kununua nguo mpya. Huenda ni kumwambia mwenzi wako ukweli kuhusu kazi iliyokwisha, badala ya kukopa ili sikukuu ionekane ya kawaida. Ukilijua, ondoka ukafanye.

Tuombe. Ee Mungu Baba, tunakuletea mipango yetu, iliyotimia na iliyovunjika. Tuondolee unyenyekevu wa mdomoni. Utupe moyo wa Yusufu, wa kuwahurumia watu kabla hatujaelewa, na wa kukutii kabla hatujaona mwisho. Uwafariji wanaolia katika msimu huu, na uwalinde walio safarini. Kwa jina la Yesu Kristo, Imanueli wetu. Amina.