Eneokazi Likivurugika: Kurejesha Mipangilio bila Kupoteza Kazi

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya matumbawe yenye mlango wa nakshi hudumu vizazi kadhaa. Bawaba zikilegea, fundi huutengeneza mlango, habomoi nyumba. Kanuni hiyo yafaa pia kwa tarakilishi, ingawa wengi huisahau pale eneokazi linapovurugika: aikoni hutoweka, menyu haionekani, au kiwambo hubaki cheusi baada ya mtumiaji kuandika nenosiri. Aghalabu huamuliwa kwamba mashine nzima imeharibika, na diski husafishwa. Mwanafunzi aliyehifadhi tasnifu yake humo huweza kupoteza kazi ya mwaka mzima kwa sababu ya hitilafu ya faili moja ndogo.

Ni muhimu kutofautisha mambo matatu. Mfumo endeshi ndio unaoiendesha tarakilishi. Nyaraka ni kazi za mtumiaji. Mipangilio ni maelezo ya jinsi eneokazi linavyopaswa kuonekana, nayo huhifadhiwa mbali na nyaraka. Umeme ukikatika wakati faili ya mipangilio inaandikwa, au diski ikijaa, maelezo hayo huweza kuharibika ilhali nyaraka zi salama.

Hatua ya kwanza ni kuingia kwa akaunti nyingine, au kumwomba msimamizi wa mashine afungue mpya. Eneokazi likiwa zima humo, yamkini kasoro imo katika mipangilio ya akaunti ya awali. Kisha nyaraka zinakiliwe kwenye diski nyingine. Katika Ubuntu yenye eneokazi la GNOME, mtumiaji hubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja ili apate kiwambo cha maandishi, huingia kwa jina lake, kisha huandika:

mv ~/.config/dconf/user ~/.config/dconf/user.zamani

Amri hiyo haifuti kitu. Hubadilisha jina la faili tu. Mashine ikiwashwa upya, mtumiaji huingia na kulikuta eneokazi katika hali yake ya asili. Itambidi achague upya picha ya mandhari na mapendeleo mengine, lakini tasnifu haikuguswa.

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Faida ya kuwa na istilahi kamili hudhihirika hapa: asemaye "mashine imekufa" hualika diski kusafishwa, asemaye "mipangilio imeharibika" humwelekeza fundi mahali penyewe.