Majengo ya Vyuo Vikuu: Mgeni Huona Nini, na Aliyesoma Pale Hukumbuka Nini?

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo tumekusudia kuwaeleza habari za majengo ya vyuo vikuu. Huenda mtu akauliza, "Majengo yana faida gani kwetu sisi wa kijijini? Kinachofaa ni elimu, si kuta." Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Sisi walimu tumeona mara nyingi ya kuwa kijana wa kijijini hushindwa na chuo kikuu kabla hajafanya mtihani wowote. Hushindwa na lango. Hulitazama lango lile, na ghorofa zilizo nyuma yake, akasema moyoni, "Nyumba hii si ya watu kama sisi," kisha akarudi kwao. Neno hilo ndilo tunalotaka kulichunguza leo: je, ni kweli ya kuwa nyumba ina watu wake?

Na tuanze na mahali tunapopajua. Mtu akitoka Iringa mjini kwenda Tosamaganga, huona kwa mbali majengo juu ya kilima: kanisa, nyumba za matofali ya kuchoma, na mapaa ya vigae vyekundu. Misheni hiyo ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1897, na tangu mwaka 1919 ikashikwa na Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia. Mgeni apitaye husimama, akasifu, akasema kwamba mahali hapa pafanana na mji mdogo wa Italia. Lakini mwulize mzee aliyesoma pale utotoni, naye hatakutajia vigae. Atakutajia kengele ya alfajiri, baridi ya mwezi wa Juni, maji ya kunawa yaliyokata vidole, na mwenzake waliyelala kitanda kwa kitanda.

Wote wawili wamesema kweli. Mgeni huona jengo kwa macho. Aliyesoma pale huliona kwa kumbukumbu. Mgeni hujua sura ya nyumba asijue maisha yake. Naye aliyesoma pale aweza kuyajua maisha yake hata asitambue tena uzuri wa kuta alizopita mara elfu. Atakaye kuijua shule au chuo hana budi kuwasikiliza wote wawili. Kisha aongeze swali la tatu, ambalo mgeni husahau kuliuliza na mwanafunzi wa zamani huona haya kulitamka: Ni nani walioruhusiwa kuingia, na ni nani waliozuiwa?

Mfano mkubwa wa mambo haya ulionekana katika Uganda. Chuo cha Makerere, juu ya kilima katika mji wa Kampala, kilianza mwaka 1922 kama shule ndogo ya ufundi, yenye wanafunzi 14 tu. Jengo lake kuu, jeupe, lenye mnara wa saa, lilimalizika mwaka 1941. Wakati ule Makerere ilikuwa tumaini la vijana wa Afrika Mashariki yote waliotaka elimu ya juu. Julius Nyerere aliingia pale mwaka 1943, akatoka mwaka 1945 na stashahada ya ualimu. Wanawake wa kwanza walipokewa mwaka huo huo wa 1945, nao walikuwa sita tu. Maana yake, kwa muda wa zaidi ya miaka 20 wanaume waliingia na kutoka, na dada zao wakabaki nje.

Usiku wa tarehe 20 Septemba 2020, jengo lile kuu liliwaka moto. Paa likaanguka, na vyumba vingi vikateketea. Waliosoma Makerere, wengine wazee wenye mvi, wengine wakiwa wamekaa ng'ambo miaka mingi, walihuzunika kama watu waliofiwa. Mtu asiyesoma pale aliweza kushangaa: kuna haja gani ya kuomboleza matofali na mbao? Jibu ni hili. Jengo ni shahidi. Ndani ya kuta zile vijana kutoka nchi mbalimbali walifahamiana, wakatunukiwa shahada, wakapigwa picha na wazazi wao waliosafiri siku nyingi kuja kuwaona. Shahidi akifa, mtu huogopa ya kuwa na habari zake zitapotea. Kwa sababu hiyo jengo halikubadilishwa sura. Lilibomolewa, likajengwa upya kwa mfano wa lile la kwanza, likafunguliwa tena mwaka 2024.

Sasa turudi Tanzania, kwa maana hapa kwetu twaona jambo jingine: chuo chaweza kuwapo kabla ya majengo yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru. Hakikuwa na kilima wala ukumbi. Kilianza katika nyumba ya chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, na somo lake la kwanza lilikuwa sheria. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima nje ya mji, na tangu hapo watu hukiita Mlimani. Wengi wenu mlikwisha kuushika mkononi mfano wa jengo lake moja pasipo kujua. Noti ya shilingi 500, iliyokuwa ikitumika kabla ya kutoka sarafu ya mwaka 2014, ilikuwa na picha ya Ukumbi wa Nkrumah, pamoja na wahitimu waliovaa majoho.

Mgeni akifika Mlimani hutazama paa la ukumbi ule, lililopinda na kuinuka, akastaajabu. Waliosoma pale hukumbuka zaidi maneno yaliyosemwa chini ya paa. Katika miaka ya 1960 na 1970 mabishano juu ya ukombozi wa Afrika yalikuwa makali. Walter Rodney, mwalimu aliyetoka Guyana, alifundisha pale, na Yoweri Museveni, aliyepata baadaye kuwa rais wa Uganda, alisoma pale. Ukumbi haukuwatia watu hao maneno kinywani, bali uliwapa mahali pa kukutana, kivuli, na upepo wa bahari. Hiyo ndiyo kazi ya jengo: kuwakutanisha watu ambao wasingalikutana.

Tena kuna vyuo ambavyo majengo yake yalijengwa kwa nia moja, yakaja kutumiwa kwa nia nyingine kabisa. Mfano huu tunao wenyewe, katika Iringa, nao ndio tunaotaka mwukumbuke kuliko yote tuliyosema.

Katika wakati wa ukoloni shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi. Watoto wa Kizungu walikuwa na shule zao, watoto wa Kihindi zao, na watoto wa Kiafrika zao, na fedha hazikugawanywa sawasawa. Katika miaka ya 1950 serikali ilijenga Iringa shule kubwa ya bweni kwa watoto wa Kizungu. Shule hiyo iliitwa St Michael's and St George's. Ilikuwa na madarasa mema, mabweni mema, na viwanja vipana vya michezo. Mtoto wa Mhehe aliyechunga ng'ombe karibu na pale aliweza kuyaona mapaa yake kila siku, wala hakuweza kuketi kitini ndani yake. Hakuna aliyempima akili akamkuta hafai. Ilikuwa amri ya wenye kutawala.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na tangu mwanzo wa mwaka 1962 sheria ikaondoa utaratibu wa kuzitenga shule kwa rangi. Shule ile ikawafungukia wote, hata jina lake likabadilika, ikaitwa Mkwawa. Tazameni jina hilo. Mtwa Mkwawa ndiye aliyelishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwezi wa Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga, isiyo mbali na Tosamaganga, ilivunjwa mwaka 1894, naye akafa mwaka 1898 asikubali kukamatwa. Kichwa chake kilipelekwa ng'ambo, kikarudishwa kwa Wahehe mwaka 1954. Basi katika miaka ile ile ya 1950 Wahehe walipokea kichwa cha mtwa wao, na karibu nao ikajengwa shule ambayo wajukuu wake wasingaliweza kuingia. Leo mahali pale paitwa kwa jina lake.

Kwa miaka mingi Mkwawa ilikuwa shule ya sekondari ya juu, na vijana walitoka pande zote za nchi kuja kusoma. Kisha, mwaka 2005, ikafanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sababu yake ilikuwa wazi. Tangu mwaka 2004 serikali ilikuwa na mpango mkubwa wa kuongeza shule za sekondari, na shule za kata zilizuka kila mahali, nyingine zikiwa na madarasa pasipo walimu. Ilibidi walimu wapatikane upesi. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa ili kuwaweka mbali watoto wa kijijini ikapewa kazi ya kuwafunza walimu wao.

Mgeni aliyetoka pwani, akifika Mkwawa mwezi wa Julai, jambo la kwanza atakalolisema ni baridi. Kisha atasifu miti na nafasi. Aliyesoma pale atakueleza habari za usiku wa kujisomea na blanketi mabegani, na siku ya kwanza aliposimama mbele ya darasa kujifunza kufundisha, chaki ikitetemeka mkononi. Lakini ukiuliza lile swali la tatu, la nani aliingia na nani alizuiwa, kuta zenyewe zitakujibu. Kuta hazikubadilika sana. Waliobadilika ni watu wenye kuamua. Nyumba haina watu wake. Watu ndio wanaoamua nyumba iwe ya nani.

Basi, ninyi walimu wa shule za vijijini, mkipata nafasi wapelekeni wanafunzi wenu wakakitazame chuo kikuu. Andikeni barua mapema kuomba ruhusa. Nanyi wanafunzi, mkifika msihesabu ghorofa tu. Tazameni mambo manne. Kwanza, maktaba: je, viti vyake vina watu? Maktaba yenye wasomaji wengi ni dalili njema kuliko lango refu. Pili, madarasa: je, aliyeketi nyuma aweza kusikia na kuona ubao? Tatu, mabweni na bwalo: wanachuo hula nini, hulala wangapi chumbani, na aliye mgonjwa au asiyeweza kupanda ngazi hufanyiwaje? Nne, ulizeni wenyeji wametoka wapi. Mkimkuta mmoja aliyesoma shule ya kata kama yenu, mwombeni awaeleze njia aliyopita, na masomo yaliyomfikisha.

Ninyi wazazi, tungependa mjue ya kuwa majengo haya yana deni. Yamejengwa na kutunzwa kwa mali ya watu wote, kutoka katika kodi ya mkulima wa mahindi na ya mwenye duka. Paa linalovuja likiachwa, kesho hubomoka, na ukarabati hugharimu kuliko utunzaji. Kadhalika mtoto mwenye akili akiachwa kwa sababu wazazi wake waliogopa lango, hasara hiyo ni ya kijiji kizima, wala haionekani kwa macho kama paa lililoanguka.

Mwisho twawaachia kazi ndogo. Katika shule iliyo karibu nanyi, mwulizeni mwalimu kijana amesoma wapi. Huenda akawajibu, "Mkwawa." Hapo mwombeni awasimulie chuo chake kilivyo. Watoto wenu na wasikie, wapate kujua ya kuwa aliyetoka ndani ya kuta zile ni mtu waliyemzoea, anayeteka maji kisima kimoja nao.